Theluji ya Kumrudisha Itto

Jumatano, 24 Januari

Siku ya kumi na moja bila Itto. Mvua. Nyumba inanuka soksi. Nimekuta daftari la Hniya la hesabu, kurasa nyingi tupu. Nikasema bora niandike kuliko kuongea na birika.

Mambo yalivyo ni haya. Mke wangu kasusa. Kamchukua binti yetu Hniya, karudi kwa mama yake Azrou, huko mlimani, saa moja na kitu kwa gari kutoka hapa Meknes. Kisa? Blanketi. Blanketi moja! La sufi nyeupe, limeshonewa vipande vinavyomeremeta. Bibi yake kalifuma, mama yake kaolewa nalo, yeye kaolewa nalo. Miaka kumi na mbili limekunjwa juu ya kabati, halifanyi kazi yoyote. Mimi kitu kisichofanya kazi kinaniumiza roho. Nikampelekea dalali Bennasser pale soko la mitumba, kanipa jozi nane za mbao za kutelezea thelujini. Za Ulaya! Na viatu vyake, na fimbo zake. Jozi nane kwa blanketi moja. Mtu mwingine angepigiwa vigelegele. Mimi nimeachiwa sufuria chafu.

Mbao nimezipanga sebuleni. Upande wa pili kuna mtambo wa kufumia wa Itto, magogo mawili marefu ya mwerezi na miti yake ya kusimamia. Yeye hasemi mtambo. Anasema "mbao zangu". Usitundike suruali kwenye mbao zangu. Usiegemee mbao zangu. Haya, sasa na mimi nina mbao zangu. Leo asubuhi nimejigonga kipaji cha uso kwenye za kwake. Mara ya nne wiki hii.

Kapiga simu Assu. Assu ni shemeji, kaka yake Itto, dereva wa lile katapila la kusukuma theluji barabarani. Anajiona waziri. Kaniambia Kaddur, jambo hili ni jepesi, hata wewe huwezi kuliharibu. Njoo na sukari ya koni kama wanaume wote wanaofuata wake zao. Keti mbele ya mama. Sema neno moja: nimekosa. Itto atavaa viatu. Nikamuuliza hakuna njia nyingine? Kakata simu.

Neno moja. Wallahi si kiburi. Mimi nimemuuzia fundi redio redio bovu. Nimemuuzia kinyozi kitana chake mwenyewe. Mdomo ninao. Lakini neno hilo likifika kooni linageuka mzaha. Nimezaliwa hivyo.

Alhamisi, 25 Januari

Sokoni. Bennasser kaniita pembeni, kaniambia uso wangu umekuwa kama mkate wa juzi. Kasema rudisha mbao, chukua blanketi, mfuate mkeo. Mwisho Jumamosi adhuhuri, kwa sababu kuna watu wa hoteli wanakuja kulichukua. Kasema kwa huruma kabisa, mpaka nikamwonea aibu. Dalali mwenye huruma!

Mtu wa kawaida angekubali. Hapo ndipo mimi na mtu wa kawaida tunapoachana.

Fikiria. Ukirudi na blanketi umerudi na kitu alichokuwa nacho. Umempa nini? Lakini ukirudi na theluji! Familia nzima garini, likizo ya shule, mlima hadi mlima. Michlifen, kisha Hebri, kisha mbele zaidi Mungu akipenda. Vilima vidogo, vya watu kama sisi. Itto anateleza, Hniya anacheka, mama mkwe anapiga picha. Blanketi litakumbukwa na nani?

Na kuna zaidi. Jozi nane, sisi wa kuteleza wawili watatu. Zilizobaki zikae bure? Watu wa Fes wanajaa mlimani na viatu vya mjini na hamu tupu. Nitawakodishia. Familia na biashara gari moja. Hili Itto simwambii kwanza. Ni la kumshtukizia.

Sukari nimenunua, isiwe maneno. Kilo mbili, koni ngumu, karatasi ya buluu. Ukiisimamisha ni mlima mtupu.

Gari limegoma kumeza mbao zote. Nimefunga nusu juu, nusu ndani. Ili buti lifunge nimetoa upuuzi wote: tairi la spea, jeki, na lile jiwe. Jiwe ndilo breki yangu ya mkono. Breki yenyewe ilikufa mwaka aliozaliwa Hniya, na tangu hapo nikisimama penye mteremko naweka jiwe nyuma ya tairi. Nimeliacha mlangoni. Nani anabeba jiwe kupeleka mlimani?

Ijumaa, 26 Januari

Azrou. Nimefika wakati kuskusi ya Ijumaa inatengwa. Sitaki kusema nilipiga hesabu ya saa.

Mama mkwe, Bi Tuda, kanifungulia mlango. Mfupi kama kikapu, lakini mlango mzima kaujaza. Kanitazama mikono kwanza, uso baadaye. Mikono mitupu. Sukari nimeiacha garini makusudi. Sukari ya kupatania utaitoa mlangoni, kwenye matope? Nitaitoa kileleni, jua linawaka, theluji inameta, Itto kachangamka. Kila kitu na wakati wake.

Hniya kanirukia shingoni. Itto kakaa ng'ambo ya sinia. Anaongea na mimi kupitia mtoto. Mwambie baba yako asogeze maziwa. Muulize baba yako nani anampikia. Nikamjibu kupitia malenge la kwenye sinia.

Bi Tuda kaniuliza, haya mkwe, umekuja na nini? Wote wakaacha kutafuna. Nikasimama, nikasema nimekuja na safari! Nikawaeleza yote, mikono inapaa. Assu kacheka mpaka dengu ikampalia. Kasema shemeji, sisi theluji hatuitembelei. Inatutembelea yenyewe, tena haibishi hodi. Nikamwambia wewe kazi yako kuiondoa, mimi kazi yangu kuitafuta, kila mtu na riziki yake.

Itto kamwambia Hniya: muulize baba yako aliniona lini mimi nikicheza na theluji. Kasema yeye umri wa Hniya alikuwa anabeba kuni mgongoni, theluji magotini, vidole havisikii kitu. Nikasema ndiyo maana! Hujawahi kuifurahia! Kanitazama kama mtu anayetazama ukuta unaovuja.

Kisha Bi Tuda kauliza gari langu linabeba wangapi. Kumbe kesho ana kuku wa kumpelekea binamu yake kijijini Ben Smim. Jumapili ana jambo lingine. Jumatatu ana dada yake aliyeko Timahdite, kavunjika nyonga, na basi haliaminiki. Kaamua: tunakwenda wote. Itto hambishii mama yake.

Ushindi. Kuku au si kuku, ushindi.

Jumamosi, 27 Januari

Michlifen. Theluji hakuna.

Naandika tena maana mwenyewe siamini. Hakuna. Majani, matope, mbwa mmoja. Nguzo za kuvutia watu mlimani zimesimama kama nguzo za kuanikia nguo. Mzee wa chai kasema theluji ilikuwepo Jumanne. Kasema ilipita. Kama wageni.

Kuku kaninyea kiti.

Sikukata tamaa. Nikazipanga mbao kwenye majani, mstari mzuri, rangi rangi. Ikaja familia kutoka Fes, baba yao kauliza kama nauza uzio. Nikamwambia ni za kukodi, theluji yaja, aweke nafasi mapema. Nilikuwa nimeshika mkono wake, namtajia bei, mara nasikia mtu nyuma yangu. Itto.

Kasema, bila Hniya katikati, kwa mdomo wake mwenyewe: "Kumbe sisi ndio abiria wa mbao."

Sentensi yake ya kwanza kwangu wiki mbili hizi. Nimeihesabu kuwa ni hatua.

Akarudi garini, kafunga mlango polepole. Huyo mwanamke akifunga mlango kwa kishindo kuna tumaini. Akifunga polepole huna kitu. Bi Tuda akauliza saa ngapi, anataka kuswali. Nikatazama. Adhuhuri ndiyo kwanza inaingia. Jumamosi, adhuhuri.

Nikavuta mkono wa shati, nikaifunika saa. Ni baridi tu.

Jumapili, 28 Januari

Hebri. Theluji ipo! Ukubwa wa mkeka wa msikitini, na watu mia mbili juu yake. Wengine wanateleza na masinia, wengine na mabeseni. Jamaa mmoja kakalia mlango wa friji.

Nikaegesha juu kabisa, penye mteremko, mbao zionekane na kila mtu. Hapo nikakumbuka jiwe. Liko mlangoni Meknes. Nikazunguka kutafuta jingine, lakini yote ya maana yamewahiwa. Kila gari na jiwe lake. Nikafungua buti, nikaona ile karatasi ya buluu. Kilo mbili. Ngumu. Imechongoka upande mmoja kama kabari kabisa. Nikasema ni dakika kumi tu. Nikaichomeka nyuma ya tairi. Chini palikuwa na theluji inayoyeyuka, maji maji, lakini nani anafikiria maji ana wateja wanamsubiri?

Maana wateja walikuja! Wa kwanza mwalimu mnene kutoka Sidi Kacem. Kaniuliza kusimama mtu anafanyaje. Nikamwambia hilo ni somo la kesho.

Nikamvalisha Hniya. Kateleza hatua sita, kaanguka, kacheka. Kacheka meno yote, na lile pengo. Itto alikuwa amesimama pembeni, mikono kwapani. Nikamwona anatabasamu. Upande mmoja tu wa mdomo, lakini niliuona, na mimi uso wa Itto naujua kuliko bei za sokoni. Nikasema sasa. Sasa ndio wakati wa sukari.

Nikageuka kuifuata. Gari linaondoka.

Polepole. Kinyumenyume. Kwa adabu zote. Sukari imeyeyuka chini ya tairi, gari likaona halina sababu ya kubaki. Likapita katikati ya watu wa mabeseni, watu wakalipisha njia kama bwana harusi. Likapanda juu ya mbao zangu za kukodisha. Kra. Kra. Kra. Jozi sita. Likaegemea meza ya muuza chai, likatulia. Hakuna aliyeumia. Bi Tuda alikuwa kiti cha nyuma, kasinzia. Kafungua mlango, kauliza kama tumefika.

Kisha akaiona karatasi ya buluu. Imelala kwenye tope, na mbwa anailamba. Kamfukuza mbwa, kaiokota, kainyoosha na kiganja. Kaniuliza, Kaddur, hii ilikuwa ya nani? Nikasema yako, mama. Kauliza, na ilikuwa inafanya nini chini ya gari? Nikasema ilikuwa inasaidia.

Nilitegemea kelele. Hakupiga. Kasema sawa, sukari imekwenda, neno limebaki. Neno haliyeyuki. Liseme hapa hapa, tukirudi nyumbani Itto anafunga mizigo.

Muuza chai kaacha kumimina. Mwalimu wa Sidi Kacem kavua kofia. Itto kashika fimbo za Hniya, ananitazama machoni. Nikavuta pumzi. Nikasema:

"Nimekosa..."

Nililisema! Naapa. Lilitoka, lilikuwa nje, watu walilisikia. Itto kapiga hatua moja kuja kwangu. Kukawa kimya. Na mimi kimya kikiningojea namna ile siwezi, lazima nikijaze. Nikamalizia:

"...theluji. Nimekosa theluji ya maana, lakini kesho mbele zaidi ipo!"

Mwalimu akacheka. Peke yake.

Itto kamvua Hniya zile mbao. Kazifungua kamba moja moja, hakosei, hatetemeki. Tukarudi Azrou, tukaketi kwenye sinia. Hata maziwa hakuna aliyeniomba nisogeze.

Jumatatu, 29 Januari

Nyonga ya dada yake Bi Tuda haijui kama tumegombana. Lazima Timahdite. Itto kaja kumshika mama yake mkono, na Hniya hakubaki. Jozi mbili zilizopona nikazifunga juu. Itto kaziona. Nikamwambia ni tahadhari.

Jiwe nimechukua. Kubwa. Nilimwonyesha Bi Tuda, kasema mashallah.

Tulipopanda ule uwanda wa juu upepo ukageuka. Nikaona kitu cheupe kwenye kioo. Kimoja. Nikapiga makelele, theluji! Nikapiga honi. Hniya akapiga makofi. Dakika kumi baadaye sioni boneti yangu. Nyuma yetu askari kashusha kizuizi, mbele yetu lori limelala kwa ubavu. Tumesimama katikati, gari kama saba, kila moja na familia yake. Saa tano asubuhi.

Niliitafuta milima mitatu. Hii hapa.

Kipasha joto cha gari langu kilikufa pamoja na breki. Saa sita. Saa saba. Vioo vimeziba. Hniya kaanza kutetemeka, kwanza kama mchezo, kisha si mchezo. Itto kavua joho lake la sufi, kamfunika, kabaki na sweta. Nikampa koti langu. Kalitazama, kalichukua, kamwekea mtoto miguuni. Mimi hakunitazama.

Nikasema mzaha mmoja wa kuku na friji. Usiku wa harusi yetu uliwaliza watu kwa kicheko. Ulibaki umening'inia pale na mvuke wa mdomo wangu.

Bi Tuda ndiye aliyeongea. Kasema kwenye barabara hii hii alipita yeye, bibi harusi, juu ya nyumbu, theluji imefika tumbo la mnyama. Wanaume walikuwa wanalia baridi. Yeye alikuwa ndani ya lile blanketi, alisikia joto mpaka akaona aibu. Kasema mjini mnadhani vile vipande vinavyong'aa ni urembo. Ni vya mtu kuonekana akianguka thelujini.

Hniya akauliza kama yule aliyelichukua blanketi sasa hivi anasikia baridi. Bi Tuda kamvutia joho mpaka kidevuni.

Itto kasema taratibu, si kwangu, kwa kile kioo kilichoziba, kwamba lile alilifuma bibi yake msimu mzima wa baridi, na bibi hayupo. Bi Tuda kamwambia bibi hayupo lakini mikono unayo, na sufi ipo nyumbani, magunia mawili. Itto kasema sufi ipo, lakini mbao ziko Meknes.

Nikamsahihisha. Nikamwambia la, mbao zipo hapa juu ya gari, jozi mbili.

Kanitazama muda mrefu sana. Maskini. Baridi inachanganya kichwa.

Basi nikaona siwezi kukaa. Nikatoka, nikafunga mbao miguuni, nikawaambia naenda kuita msaada. Mara yangu ya kwanza kuzivaa, lakini nilikuwa nimeona wengine. Nilikwenda hatua kumi na mbili. Hniya anasema tisa. Ubao mmoja ukavunjika, mwingine ukaenda peke yake bondeni, mpaka sasa sijui uko wapi. Nikalala kifudifudi thelujini. Ni laini. Ni kimya. Nilikaa pale kidogo zaidi ya ilivyohitajika. Uso ulikuwa umelowa, lakini theluji ndivyo ilivyo, inalowesha.

Saa tisa lilikuja katapila, taa zinazunguka, theluji inaruka pande zote. Juu yake Assu. Hakunicheka. Ningefurahi angenicheka. Kambeba Hniya, kampandisha Bi Tuda, kamshika Itto mkono. Kule juu kuna joto, na nafasi ya watu wanne. Nikauliza na mimi je? Kasema wewe njoo nyuma, njia nakusafishia.

Nikawafuata. Barabara nyeusi, safi, kuta nyeupe kulia na kushoto. Kwenye kioo cha nyuma cha katapila nilimwona Hniya ananipungia. Kisha kikapata ukungu.

Kazi yake kuondoa. Anaijua kazi yake.

Jumatano, 31 Januari

Meknes. Peke yangu. Mafua.

Nilirudi sokoni kwa Bennasser kuulizia blanketi. Kuulizia tu. Kasema limekwenda Jumamosi, adhuhuri na robo. Kasema waliliweka begani kwa mwanamke mmoja wajaribu, likameremeta duka zima. Nikamwambia sijauliza hayo.

Nimekula mayai. Tena.

Mvua inagonga dirisha. Nimejigonga kipaji kwenye mtambo wa Itto, sikutukana. Niliushika kidogo. Kuna kauzi kekundu kamebaki kwenye msumari. Nikakaa chini yake mpaka chai ikapoa. Sijui kwa nini naandika hili. Daftari la mtoto wa shule, anaweza kulisoma.

Ijumaa, 2 Februari

Jamani! Jamani! Mungu ni mkubwa!

Assu kapiga simu asubuhi, yuko kazini, katapila linanguruma, nasikia nusu. Lakini nusu hiyo! Kasema kaa kimya unisikilize. Itto kafikiri siku tatu. Kasema blanketi limekwenda, basi, halirudi. Anataka mbao. Uje nazo wewe mwenyewe kesho, na sukari, na neno. Kasema akiziona tu mbao mlangoni atajua umeelewa, na yaliyobaki mtayamaliza wenyewe.

Nikapiga kelele mpaka jirani kagonga ukuta. Nilijua! Si niliona lile tabasamu Hebri? Upande mmoja wa mdomo! Kaipenda theluji, ila kwa jeuri ya watu wa mlimani hawezi kusema. Anataka mbao! Nikamuuliza Assu jozi ngapi, anataka za rangi gani. Kasema nini? Jozi? Kaddur, mbao za... Simu ikakatika. Nilipopiga tena haikupokelewa. Haidhuru. Mbao ni mbao.

Tatizo moja. Zangu zimebaki jozi moja, na zile ni za mtoto.

Mbio kwa Bennasser. Anazo! Jozi tano, nyekundu, karibu mpya, viatu vyake humo humo. Kwa kubadilishana. Nikampa saa yangu, hakuitaka. Redio, hakuitaka. Kasema ile hoteli iliyochukua blanketi sasa inatafuta mtambo wa zamani wa mwerezi wa kulitundikia ukutani. Huna kitu kama hicho?

Nina kitu kama hicho! Kimesimama sebuleni wiki tatu, hakifanyi kazi yoyote, mwenyewe hayupo, kinaniumiza kichwa mimi. Bennasser kaniuliza mara mbili kama mke wangu anajua. Dalali yule kawa mwoga siku hizi. Nikamwambia bwana, mke wangu mwenyewe ndiye aliyeagiza mbao!

Wamekuja watu wawili, wameufungua, wameupakia. Nusu saa. Kale kauzi kekundu nimekabakisha, nimekafunga kwenye zile mbao nyekundu, kama pambo. Rangi zinaendana kabisa. Itto ataona nilivyomfikiria.

Sebule imekuwa pana ajabu. Nimetembea huku na huku, kipaji hakigongi popote. Nimefagia. Nimeosha sufuria zote. Nimeweka birika na glasi tatu kwenye sinia, kesho jioni tukirudi tukute tayari.

Gari nimelipakia. Jozi tano juu, nyekundu, zinaonekana toka mwisho wa mtaa. Neno pia lipo. Nimelijaribu mbele ya kioo mara tatu. Mara zote tatu nimecheka, lakini njiani litakaa sawa.

Lile jiwe nimeliacha, ni zito, linachafua buti. Badala yake nimenunua sukari koni mbili. Moja ya Bi Tuda. Moja ya tairi.